Mzizi Mtamu Aliouleta Mkwe

Shemeji yangu Placidi Ndunguru alijifunza upishi kwa Wachina, na kwetu hilo lilitosha kumfanya achekwe. Hapa Lituhi, kando ya ziwa, mwanaume hupika akiwa kwenye kambi ya uvuvi tu, tena ugali na samaki, basi. Placidi alikata mboga nyembamba kama nyuzi na kupika wali kwa mvuke. Alifanya kazi hiyo miaka mingi katika nyumba ya madaktari wa Kichina waliokuja kutibu katika hospitali moja ya serikali huku kusini. Siku wazee wa kwao Litumbandyosi, huko milimani, walipoteremka kuja kumposea dada yangu Edina, mama yetu Marselina aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Sasa huyo kijana wenu akioa, mke atafanya kazi gani?"

Mzee mmoja akamjibu, "Atakula, mama."

"Basi mchukueni. Ila akinenepa mpaka mlango usimtoshe, msinirudishie."

Mama alikuwa hivyo. Alikuwa mjane, na alitulea kwa kukausha usipa, dagaa wa ziwa letu, na kubanika samaki wakubwa juu ya kichanja, moshi ukimwingia kifuani mwaka hadi mwaka. Mikono yake ilifanya kazi upesi, na mdomo wake ulikuwa mbele ya mikono.

Placidi alisimuliwa maneno yale na wengine, maana kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawasemezani ana kwa ana. Hawatazamani usoni. Mkwe hapiti mlango wa jiko la mama mkwe wake, hali chakula mbele yake, na akikutana naye njiani hujitenga pembeni, akachuchumaa, akatazama chini mpaka apite. Akiwa na neno, humpa mke au shemeji alipeleke. Vijana wengi siku hizo walikuwa wameanza kuilegeza heshima hiyo. Placidi hakuilegeza hata kidogo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, na nadhani alijua kwamba mpishi wa Wachina akikosea jambo dogo ataambiwa ndiyo tabia aliyojifunza huko.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini serikali ilipunguza wafanyakazi, na Placidi akapunguzwa. Alirudi kwao Litumbandyosi na mke, watoto, baiskeli na katoni moja iliyofungwa kwa kamba ya katani. Majirani walidhani ni redio. Ilipofunguliwa wakaona vipande vya mizizi, vimekatwa mshazari, ganda la kahawia na ndani rangi ya manjano. Aliyeonja alishangaa. Ilikuwa mitamu kuliko sukari, na utamu wake ulikaa kwenye ulimi kwa muda mrefu.

Mizizi hiyo alipewa na Daktari Liu, mama mtu mzima aliyemzoea sana jikoni. Wachina wale walichemsha dawa zao wenyewe, na Placidi ndiye aliyetunza chungu. Aliona kwamba karibu kila dawa waliyochemsha ilitiwa vipande vichache vya mzizi huu. Aliuliza kwa nini. Daktari Liu, kwa Kiswahili chake cha wodini, akamwambia mzizi ule ni kama mshenga. Dawa kali zikiingia tumboni zinagombana, mzizi unazisuluhisha. Ukichemshwa peke yake unalainisha koo, unatuliza kikohozi kikavu, unapoza tumbo lenye vidonda. Watu wa pwani wanaujua kidogo, wanauita urukususu. Sisi huku hatukuwa na jina lake, tukauita mzizi wa Placidi.

Lakini Daktari Liu alimwambia na mengine, na hayo nimeyasikia kwa Placidi mwenyewe baadaye, akiyarudia neno kwa neno kama katekisimu. Vipande vichache tu. Kikohozi kikiisha, acha. Mwenye mimba, hapana. Mwenye presha, hapana kabisa. "Miguu kuvimba, simama. Hapo dawa kwisha, sumu kuanza."

Haya Placidi hakuyasema kwa watu.

Si kwamba aliyasahau. Mtu aliyerudi kutoka kazini bila kazi, asiye na miti ya kahawa iliyozaa, anayeitwa mpishi na watoto wa jirani, anahitaji kitu cha kusimamia. Wakati ule zahanati zilikuwa zimeanza kudai mchango, na ukishachangia unaandikiwa karatasi ukanunue dawa dukani. Basi jirani mwenye kikohozi akapewa mzizi, akapona. Mzee Bernadi, ambaye tumbo lilikuwa limemkunja miaka, akanywa na kuanza kula maharage tena. Watu wakaanza kuja. Walimwita Bwana Placidi. Wengine walithubutu hata kumwita daktari, naye akakataa kwa sauti ndogo. Aliona kwamba akisema dawa hii ina hatari zake, wataiogopa, na kesho hawatarudi. Tena ni tamu. Kwetu dawa ni kitu kichungu, unakunywa umekunja uso. Nani ataamini kwamba kitu kitamu kina nguvu ya kuua?

Kikohozi cha mama yetu kilikuwa cha moshi. Kilipozidi, Edina alimletea mzizi kutoka kwa mumewe, na ndani ya wiki chache mama akawa analala vizuri. Alifurahi kuliko tulivyotarajia. Alimwambia kila aliyekuja kununua samaki, "Mkwe wangu huyo. Mlimcheka mpishi, sasa mnataka mzizi."

"Wewe ndiye uliyemcheka, dada," mdogo wake Gertruda alimkumbusha.

"Mimi nilikuwa namjaribu."

Maneno hayo yalipanda mlima mpaka Litumbandyosi, na Edina alimkuta mumewe nyuma ya nyumba, amesimama peke yake, anacheka ameziba mdomo. Tangu siku hiyo kila mtu aliyeteremka Lituhi alipewa kifurushi cha mzizi ampelekee mama mkwe. Magunia ya mahindi yakija, mzizi umo. Edina akija, mzizi umo. Katoni ilipokwisha, Placidi alimwagiza kondakta wa basi amletee mingine kutoka Dar es Salaam, ambako kliniki za Kichina zilikuwa zimeshafunguliwa, maana sasa biashara ilikuwa huria na kila kitu kilipatikana. Na huku chini usipa ulipanda kwenda kwake kwa shukrani. Hakuna aliyejua mwingine ametuma kiasi gani. Na Placidi hakuweza kumwuliza mama, "Unatumiaje?" Angemtuma mtu aulize, lakini kumwuliza mama mkwe kuhusu zawadi uliyompa ni kama kumwambia aitolee hesabu.

Mama alitumia yote. Zawadi ya mkwe hairundikwi pembeni. Alichemsha mzizi asubuhi badala ya chai, akautia kwenye uji badala ya sukari, akatafuna kipande akigeuza samaki na kingine akiwa kanisani, shavu limetuna, mpaka padre akamtazama wakati wa mahubiri. Kikohozi kilikuwa kimekwisha zamani. Aliendelea kwa sababu ya utamu, na kwa sababu ya mkwe.

Kisha kichwa kikaanza kumwuma. Akaanza kuchoka, sufuria aliyoizoea ikamshinda kuinua. Tulisema ni uzee. Miguu ilipovimba alinunua kanga ndefu, akaifunga chini. Nilipomwuliza, alinikatisha. "Nazari, usiende kumwambia dada yako. Atamwambia mumewe, na mkwe ataona nimeitukana dawa yake." Akaongeza vipande kwenye chungu ili apate nguvu.

Mwaka huo binti yangu Jacqueline alipokea komunyo ya kwanza, tukafanya sherehe. Placidi aliteremka pamoja na Edina na watoto. Tulimweka na wanaume upande wa mbele, chini ya turubai, mbali na jiko. Alikuwa amevaa koti la kazini, lile alilopewa na Wachina, limepigwa pasi vizuri. Watu walimfuata na magonjwa yao na yeye aliwasikiliza mmoja mmoja.

Mama alitoka jikoni kupeleka maji kwa wageni. Njia yake ilipita karibu na turubai. Placidi alimwona anakuja, akashuka kwenye kiti, akachuchumaa, akainamisha kichwa kama ilivyo heshima. Mtu anayeinamisha kichwa mbele ya mkwe wake haoni uso. Anaona miguu.

Mama alikuwa peku, kwa maana viatu vilikuwa havimwingii tena. Miguu ilikuwa imejaa, inang'aa kama ngozi ya kambare, na vifundo havionekani. Mama alipita. Placidi alibaki amechuchumaa kwa muda, mpaka jirani akamwambia kwa utani, "Inuka, baba, ameshapita. Au unataka baraka?"

Chakula kilipoletwa hakula. Aliniita pembeni.

"Shemeji, mama hana viatu?"

"Anavyo. Hapendi kuvivaa."

"Tangu lini?"

"Shemeji, mama ni mtu wa ziwani. Sisi huku hatuvai viatu kama ninyi wa milimani."

Alicheka kidogo, bila kuziba mdomo. Nilidhani ananilaumu kwamba simnunulii mama viatu vizuri, nikaona aibu, nikageuza maneno. Aligeuka, akatazama turubai. Watu walikuwa wamejaa. Waliokunywa mzizi wake walikuwa hapo hapo, wanashiba na kumsifu. Aniambie nini mbele yao? Na jambo lenyewe ni miguu ya mama mkwe wake, ambayo hakutakiwa kuitaja hata kwa mkewe.

Edina alibaki kwetu kusaidia kazi. Placidi alipanda lori la jioni akarudi Litumbandyosi na watoto.

Hayo yaliyompata huko juu alinisimulia mwenyewe. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na wanunuzi binafsi walikuwa wanapita na mizani zao kwenye magari, wanagombania mzigo, kila mtu ana haraka. Alichuma mbichi na mbivu pamoja. Mtoto wake alimwambia, "Baba, hizi bado." Alisema moyoni kwamba labda ni figo, labda ni moyo wa uzee, labda si mzizi. Alisema atasubiri Edina arudi amtume. Kisha akajiambia Edina hatakuja mpaka wiki ijayo. Kila alipofunga macho aliona ile miguu. Mwisho aliacha kikapu shambani kikiwa nusu, akaenda barabarani kusubiri gari.

Alichelewa. Asubuhi ya siku aliyofika, mama alianguka karibu na kichanja. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea na mdomo umekwenda upande. Tulimbeba tukamlaza ndani, mimi nikakimbia kutafuta usafiri wa kumpeleka hospitali. Niliporudi, chumba kilikuwa kimejaa wanawake. Mama mdogo Gertruda alikuwa amekaa kitandani, kichwa cha mama kifuani pake, anamnywesha kwa kijiko.

"Kunywa, dada. Ni mzizi wa mkwe wako. Nimeutia mwingi."

Placidi alisikia hayo akiwa mlangoni. Nilimwona. Alikuwa amejaa vumbi la barabara, jasho linatiririka. Alisimama kwenye kizingiti cha chumba cha mama mkwe wake, mahali ambapo hata nyumba ikiungua mkwe angefikiri kwanza. Kisha akaingia. Alipita katikati ya wanawake, akapiga magoti kando ya kitanda, akamnyang'anya Gertruda kikombe, maji yakamwagika kwenye shuka.

"Mama," alisema, akimtazama mama yangu machoni. "Mama, usinywe tena. Ni mimi nimekosea. Usinywe."

Wanawake walipiga kelele. Gertruda alisimama.

"Wewe mwanaume! Umelewa? Toka! Huyu ni mama mkwe wako, yuko nusu uchi!"

"Mama mdogo, ni huo mzizi. Ndio uliomvimbisha."

"Mzizi si wako mwenyewe?"

"Ni wangu."

"Basi ulituletea nini?"

Placidi alikiweka kikombe chini. Nilimshika mkono nimtoe nje, yeye akabaki amepiga magoti. Mama hakuweza kusema, lakini alimwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza wale wawili kuonana uso kwa uso.

Tulimpeleka hospitali kwa boti ya injini ya jirani. Placidi alikuja nasi. Daktari alimpima presha, akatikisa kichwa, akauliza mgonjwa anatumia dawa gani. Tulisema hatumii dawa yoyote, kwa maana kweli hatukuhesabu kitu kitamu kuwa dawa. Placidi alitoa kipande mfukoni, akakiweka mezani. Akaeleza yote: jina lake kwa Kichina, jinsi unavyochemshwa, na yale ya Daktari Liu ya presha na miguu. Daktari alimsikiliza, akamtazama.

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mama hakufa. Alipoachishwa mzizi na kupewa vidonge, miguu ilinywea taratibu, vifundo vikarudi, mdomo ukakaa sawa, maneno yakarudi, na ukali wake pia. Mkono wa kulia haukurudi. Vidole vilibaki vimekunjamana. Hakupasua tena samaki.

Wazee wa ukoo walikutana kuhusu Placidi. Walisema amevunja heshima kwa kuingia chumbani kwa mama mkwe na kumtazama, na kwamba lazima alete mbuzi na jembe ili uso wake uoshwe. Alileta mbuzi wawili. Mzee mmoja akamwambia mmoja anatosha, yeye akasema achinjwe na wa pili. Waliomkalisha mbele yao walimhukumu kwa kosa la kuingia ndani. Hakuna aliyemhukumu kwa kupanda lori siku ile ya komunyo, kwa kuwa hakuna aliyejua. Alikula nyama ya upatanisho pamoja nasi, lakini niliona anaitafuna kama mtu anayetafuna kamba.

Baada ya kuoshwa uso, ruhusa ya kusemezana ilikuwepo. Mama aliitumia vizuri. Alimwita kwa jina, akamtuma maji, akamwagiza aende jikoni apike ule wali wa Kichina, "maana mimi sasa ni mwenye mkono mmoja, na wewe ndiye fundi." Mbele ya watu alisema, "Mkwe wangu aliniokoa. Angekaa nje kwa heshima, mngenizika." Kila aliposema hivyo Placidi alitafuta kazi ya kufanya uani.

Siku moja alikuwa anampasulia samaki, mama amekaa kwenye mkeka na mkono wake mbovu mapajani. Mimi nilikuwa natengeneza wavu karibu. Placidi aliweka kisu chini.

"Mama, niliiona miguu yako siku ya komunyo. Nilijua. Nikapanda gari nikaondoka."

Mama aliifunika miguu yake kwa kanga.

"Nilikuona ukiiona," alisema. "Nikateremsha kanga."

"Ningesema siku ile, mkono ungekuwepo."

"Ndiyo. Ungekuwepo." Alimtazama. "Sasa unataka nikwambie haidhuru?"

"Hapana, mama."

"Maana inadhuru. Nawashwa mgongoni sifiki. Endelea na samaki, nzi wanajaa."

Aliendelea. Nilisubiri mama aongeze neno la kumpoza, hakuongeza. Wala hakumfukuza. Tangu hapo Placidi aliacha kukimbilia uani.

Alipopanda Litumbandyosi safari hiyo hakwenda shambani. Alianza kupita nyumba baada ya nyumba kwa wote aliowapa mzizi, kule juu na ufukweni mpaka Mbaha, akisema yale aliyoyaacha. Hakupokewa vizuri. Wengine walisema anataka kuurudisha mzizi ili auuze ghali, sasa kwa kuwa biashara ni huria. Mama mmoja aliyeharibikiwa mimba alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Placidi hajui kama ni mzizi au si mzizi. Ndiyo nyumba pekee ambayo hawezi kupita mbele yake mpaka leo. Huzunguka kwa njia ya mtoni.

Watoto wakampa jina jipya, Bwana Miguu. Maana akikutana na mzee yeyote husema, "Shikamoo, naomba nione miguu," na ukiona aibu hakuachi.

Mara ya mwisho nilipopanda kumtembelea tulikwenda kwa Mzee Bernadi. Mzee alikuwa amekaa kibarazani, anatafuna.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama umefuata mzizi wangu, rudi. Tumbo langu limepona."

"Kama limepona, kwa nini bado unatafuna?"

"Kwa sababu ni mtamu, mjinga wewe. Kwani kuna kitu gani kitamu kilichobaki kwangu?"

Placidi hakubishana. Alipiga magoti kwenye vumbi, akakunja suruali ya mzee, akabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, akakiondoa. Shimo likabaki kwenye ngozi. Tulilitazama sisi watatu. Halikujaa.

"Baba," Placidi alisema, "siondoki hapa leo."

Mzee Bernadi alimtukana, akamtukania na Wachina wake. Placidi aliketi kwenye ngazi, kofia magotini, akasubiri amalize.